Ya Baba Mdogo "Laini", ya Binamu "Kavu": Sauti ya Amplifaya Inatoka Wapi Hasa?

Kama umewahi kukaa na wapenda mziki hapa Mwanza huu ubishi unaujua. Mmoja anakwambia amplifaya za Kijapani za zamani zile nzito ndo zina sauti, hizi za saivi makelele tu, mwingine anasema ya kwake ina wati elfu kumi na mbili na imeandikwa kabisa kwenye boksi, wa tatu anakuja na habari za valvu, zile za vioo zinazowaka ndani kama taa, kwamba hakuna transista inayozifikia kwa utamu. Wote wanaongea kwa uhakika na hakuna anayemwelewa mwenzake, maana maneno yenyewe ni laini, kavu, nzito, ina joto, imetulia, imechuja. Kila mtu na maana yake.

Mimi nimeamua kuandika kwa sababu ubishi huu uliingia nyumbani kwetu Igoma. Baba mdogo ana amplifaya ya Kijapani ya miaka ya themanini, uso wa rangi ya fedha, kitufe cha sauti kikubwa cha chuma, anaifuta vumbi kila asubuhi kabla ya chai. Jumapili moja binamu yangu akaja na ka-amplifaya kadogo kanakoingia mfukoni, alikanunua mjini pale Makoroboi, kameandikwa wati 100. Akakafunga kwenye spika zilezile za baba mdogo. Hazikuisha hata nyimbo mbili.

"Mjomba, hiki kikavu. Kizime," baba mdogo akasema.

"Mjomba, umezoea tu ya kwako," binamu akamjibu.

Baba mdogo alikuwa sahihi kwamba kuna tofauti, mimi mwenyewe niliisikia. Ila sababu aliyoitoa, kwamba vitu vya zamani vina uzito na vya sasa ni plastiki, haikuwa yenyewe. Na kwa maoni yangu hapo ndo penye mkanganyiko wote kwenye mambo ya amplifaya: masikio yanasikia kitu cha kweli, alafu mdomo unakitafutia sababu ya kubahatisha, na hela inaenda kwenye ile sababu.

Tuanze na amplifaya yenyewe ni kitu gani. Simu ikicheza mziki inatoa mawimbi madogo sana ya umeme, kwa simu nyingi hayafiki hata volti moja, nguvu yake inatosha tu zile spika za kuchomeka masikioni. Watu wengi wanadhani amplifaya inayachukua hayo mawimbi na kuyapuliza kama puto, kumbe sivyo. Inachukua umeme wa ukutani na kuuachia uende kwenye spika kwa kufuata umbo la yale mawimbi madogo. Fikiria tanki la maji lililojengwa juu mlimani, maji yamesukumwa kutoka ziwani mpaka kule, wewe uko chini umeshika koki. Mkono wako hauna nguvu yoyote ya maana lakini maji yanatoka kwa kasi, kwa sababu nguvu ni ya tanki. Simu ndo mkono, transista ndo koki, na tanki ni ile sehemu yenye transfoma na kapasita kubwa, mafundi wanaiita pawa saplai. Na kama unakaa mtaa wa juu kwenye mawe unajua inavyokuwa majirani wote wakifungua maji kwa pamoja, koki iko wazi lakini kinachotoka ni uzi. Amplifaya nayo huwa inafika hapo.

Wahandisi wana usemi wa siku nyingi kwamba amplifaya bora ni kama waya ulionyooka, kilichoingia kitoke vilevile, kikubwa tu. Isiongeze utamu wala isipunguze. Kwa hiyo "laini" kwa lugha ya fundi maana yake ni vitu vichache: hakuna mlio wa chinichini mziki ukinyamaza, mawimbi hayapindishwi njiani, na amplifaya haijaishiwa pumzi. Basi.

Sasa turudi Igoma. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinama nyuma ya spika, nikakuta waya wa spika ya kushoto umefungwa kinyume, plasi imekaa kwenye mainasi. Binamu alikuwa na haraka. Hilo kosa dogo linaua besi kabisa, kwa sababu spika mbili zinatakiwa kusukuma hewa kwa pamoja, moja ikiwa kinyume hii inasukuma na ile inavuta, ni sawa na mtumbwi wenye watu wawili mmoja anapiga kasia kwenda mbele mwenzake anarudisha nyuma. Trebo inabaki, sauti ya mwimbaji inakuwa kama inatoka kila mahali na hakuna mahali, besi inapotea. Mtu akiisikia hiyo anasema tu "kavu" na hakosei hata kidogo. Kama waya zako hazina alama chukua betri ya volti 1.5, gusisha plasi ya betri kwenye plasi ya spika na mainasi kwenye mainasi, koni ya besi itajisukuma nje kidogo. Ikiingia ndani basi umegeuza. Sekunde moja inatosha, usiishikilie.

Tukageuza ule waya, besi ikarudi, baba mdogo akasema imepona kidogo lakini bado ya kwake ni tamu zaidi. Hapa ndo tunafika kwenye mtego ambao umewala hata wataalamu: kiwango cha sauti. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii besi na sauti za kati kwa usawa, mziki ukiwa chini besi ndo inatangulia kupotea, ukipanda kidogo besi inarudi. Matokeo yake amplifaya inayopiga juu kidogo tu kuliko nyenzake, kidogo kiasi kwamba husemi "hii iko juu", wewe unaisikia kama imejaa zaidi, imetulia zaidi. Muuzaji mzoefu anaijua hiyo, ile anayotaka uinunue anaipandisha nukta moja. Kwa hiyo kulinganisha amplifaya mbili kwa kuzungusha kitufe kwa makadirio ya macho ni kazi bure.

Tulichofanya, nilichukua mita ya fundi, nikaweka mlio wa hezi 100 kwenye simu, nikapima volti za AC pale waya wa spika unapochomekwa, nikazungusha mpaka zote mbili zikasoma volti 2.0. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme) hiyo ni nusu wati tu. Nusu wati, na sebule imejaa. Baba mdogo akakaa kwenye kochi lake akiangalia ukutani, binamu akawa nyuma ya pazia anahamisha waya, mara nyingine anajifanya kuhamisha na hahamishi. Mara kumi. Baba mdogo akapatia tano, ambayo ndo utapata ukirusha shilingi. Hakubishana, alikaa kimya kidogo alafu akaomba warudie ule wimbo wa tatu.

Hili halikuanzia Igoma. Mwaka 1987 jarida la Marekani la Stereo Review lilifanya jaribio la namna hiyohiyo kwa utaratibu mkali zaidi, kuanzia risiva, yaani amplifaya yenye redio ndani, ya dola 200 na kidogo hadi jozi ya amplifaya za valvu za dola 12,000, wasikilizaji wakiwemo wenye imani kali kwamba tofauti ni kubwa. Viwango viliposawazishwa na macho yalipofichwa, jumla ya majibu ikawa kama ya kubahatisha. Miaka miwili kabla, 1985, mhandisi Bob Carver aliwaahidi waandishi wa jarida la Stereophile kwamba ataifanya amplifaya yake ya transista ya bei ya chini itoe sauti ileile ya amplifaya ya bei mbaya watakayoichagua wao. Wakamletea ya valvu. Akakaa nayo siku mbili, anapima tofauti ya kinachotoka huku na huku na kuipunguza mpaka ikawa karibu hakuna, waandishi wakasikiliza na kukubali kwamba hawawezi kuzitofautisha. Kwa hiyo ule "utamu" ulikuwa kitu kinachopimika.

Lakini nisiwe upande mmoja, maana wapenda sauti nao wana hoja yao ya haki. Wanasema kusikiliza vipande vifupi huku unasubiriwa ujibu kunachosha, na kwamba amplifaya utaijua ukikaa nayo miezi. Na kihistoria kuna wakati masikio yao yaliwatangulia wapimaji. Miaka ya 1970 kampuni zilishindana kuandika asilimia ndogondogo za upotoshaji, lakini zilipima kwa mlio mmoja usiobadilika, na mhandisi wa Finland, Matti Otala, akaonyesha kwamba amplifaya inaweza kufaulu mtihani huo alafu mziki wenye midundo ya ghafla ukaipindua. Watu walikuwa wanalalamika "inachoma masikio" na karatasi inasema iko safi. Kwa hiyo mtu akikwambia anasikia kitu usimcheke, tafuta kinatoka wapi.

Na ndo kilichotokea kwetu. Baada ya chai baba mdogo akasema haya, sasa pandisha. Tukaweka rumba, magitaa yameingia matatu, tumba zinajibizana, chuma cha zamani kikapanda bila shida, ka-binamu, yaani kale ka-amplifaya, kalipofika robo tatu kakaanza kukwaruza. Trebo ikawa kali, ngoma zikawa bapa. "Umesikia?" baba mdogo akasimama kabisa. Nilisikia, kila mtu alisikia mpaka mama mdogo jikoni.

Mafundi wanasema sauti inapasuka. Fikiria mtu mrefu anacheza kwenye nyumba ya dari fupi, akicheza taratibu yuko sawa, akianza kuruka kichwa kinagonga dari na kila mruko unaishia palepale. Mawimbi ya mziki yakitaka kupanda juu kuliko volti zilizopo kwenye tanki, vilele vyake vinakatwa bapa, na umbo hilo lililokatwa linazaa milio mikali ya juu ambayo haikuwepo kwenye wimbo. Ndo maana twita, zile spika ndogo za trebo, zinaungua kwenye amplifaya ndogo iliyokazwa mpaka mwisho, mwenye nayo anashangaa maana spika imeandikwa wati 80 na amplifaya ina wati 20.

Dari la ka-binamu lilikuwa wapi? Nikaangalia adapta: volti 12. Kwa amplifaya za aina hii hesabu ya haraka ni volti mara volti, gawa kwa mara mbili ya omu za spika. 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 16, unapata wati 9. Kwenye kava imeandikwa 100. Chipu iliyomo ndani inaruhusu mpaka volti 26 hivi kwa hiyo nikaomba adapta ya laptop ya zamani ya volti 19, nikahakikisha plasi na mainasi, hesabu ikawa wati 22. Tukapandisha tena mpaka pale palipokwaruza, pakapita safi. Kwa sauti anayoisikiliza baba mdogo siku zote, tofauti ikaisha. Kumbe "plastiki" lilikuwa ni tatizo la adapta.

Hapo tuongelee wati, maana wizi mkubwa uko hapa. Ile namba kubwa kwenye boksi la sabufa inaitwa PMPO, haina kanuni moja inayoilinda, kila mtengenezaji anajua alivyoipata. Namba ya kuamini ni wati za RMS, yaani ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo. Marekani walichoshwa na huu mchezo mpaka mwaka 1974 wakaweka sheria ya namna ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani, sisi tunajilinda kwa kugeuza kitu nyuma. Kule kwenye kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme wanaandika wati inazokula: 45, 60, 80. Hakuna amplifaya inayoweza kutoa mfululizo zaidi ya inachokula. Na kama ingekuwa kweli ina wati 12,000, saa moja ya mziki ingekula unit 12 za luku, tena isingefika hiyo saa maana plagi ya kawaida ya amp 13 haipitishi hata wati 3,000 kwa usalama.

Alafu wati zenyewe hazifanyi kazi watu wanavyodhani. Kutoka wati 50 kwenda 100 sauti inapanda desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), unaisikia lakini ni kidogo. Ili sikio lako liseme "imekuwa mara mbili" unahitaji wati mara kumi. Ndo maana spika ina maneno zaidi kuliko amplifaya: spika inayotoa desibeli 91 kwa wati moja ni sawa na kuiongezea ile ya 88 amplifaya yenye nguvu mara mbili, bure.

Herufi za A, AB na D, zinazoonyesha namna amplifaya inavyofanya kazi ndani, ziwasumbue wanaotaka. Darasa A transista zinawaka muda wote kama injini ya boti isiyozimwa hata ukiwa umetia nanga, sauti safi lakini umeme mwingi unaishia kuwa joto. AB ni watu wawili wa msumeno wa mbao, huyu akivuta yule anaachia, na ustadi uko pale wanapopokezana, wakipishana vibaya kunatokea mkwaruzo mdogo mziki ukiwa chini. D inawasha na kuzima maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, kama taa inayopepesa haraka mpaka jicho linaona mwanga mmoja, na karibu asilimia 90 ya umeme inafika kwenye spika. D haimaanishi dijitali, ni herufi iliyofuata tu baada ya C. Valvu zenyewe zinaongeza kitu kidogo kwenye mziki, mara nyingi mlio wa oktava moja juu ya ule wa asili, ambao sikio linaupokea vizuri, kwa hiyo anayesema zina joto anasema kweli, ila hiyo ni ladha imeongezwa, na mtu ana haki ya kuipenda.

Kuna mambo ya kwetu ambayo hayaandikwi kwenye majarida ya huko. Umeme ukishuka jioni mpaka volti 180, amplifaya nyingi za transfoma za zamani zinapoteza nguvu kwa mraba, ya wati 100 inabaki na kama 61, wewe unadhani imechoka. Sebule zetu nazo, marumaru chini, ukuta wa saruji, madirisha ya vioo, sauti inarudi kutoka kila upande, zulia na pazia zito zitakusaidia kuliko amplifaya mpya. Spika iliyobanwa kwenye kona inavimba besi, ivute nje hatua moja usikie. Na ule ukumbi wa ng'ambo unaosikika usiku mpaka huku, watu wanausifia mitambo, kumbe maji ni tambarare, hayamezi sauti kama nyasi na nyumba, na usiku hakuna kelele ya kuifunika.

Waya wa spika usikuumize kichwa, wa shaba wa milimita 2.5 za mraba unatosha kwa sebule yoyote. Ila ukwangue kwa kisu kwanza. Rangi nyekundu ikitoka ukaona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Na transista, kwa wanaotengenezesha: zile maarufu za 5200 na 1943 zimejaa feki. Mimi niliwahi kulipia nne zikaungua jioni ileile, fundi akaipasua moja kwa koleo mbele yangu, ndani kipande cha silikoni kidogo kama punje ya ulezi, alafu akapasua ya zamani halisi iliyokufa, kipande chake ni mara kadhaa ya kile. Kwa nje zilikuwa zinafanana mpaka maandishi.

Kitu cha mwisho tulichokifanya siku ile baba mdogo hakukitarajia. Nikazima mziki, nikaziacha zote mbili zinawaka, nikamwita aweke sikio kwenye spika. Kwenye ka-binamu, kimya. Kwenye ya kwake, mmmmm, mlio wa hezi 100 ambao amekuwa akiusikia kwa miaka akidhani ni sauti ya chuma chenyewe. Kapasita mbili kubwa za pawa saplai zimekauka, ni za tangu ilipotengenezwa, moja imevimba kichwani. Fundi amezibadilisha wiki iliyopita. Baba mdogo alinipigia jioni hiyohiyo, hakusalimia hata, akasema nimeweka sikio hapa kwenye spika na sijui kama imewaka au haijawaka.